Maganda ya kalanga yasafishe mayi, lakini aliyechafua alipe

Kuzunguka migodi ya Kolwezi na Likasi, mama anachota mayi ya kisima, anayachemsha, anawapa watoto na roho inatulia. Tuseme wazi: moto unaua vijidudu, lakini hauondoi kobalti wala shaba. Mvuke unatoka, madini yanabaki yote ndani ya sufuria.

Hii si maneno ya sendika tu. Mwaka 2009, watafiti wa Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza kwamba watu wanaokaa karibu na migodi ya Katanga wana kobalti mingi sana katika mkojo. Mavumbi na chakula vina sehemu yao. Mayi nayo hatuwezi kuyaacha nyuma.

Dawa moja iko karibu na jiko. Maganda ya kalanga, magunzi ya mahindi na makapi ya mpunga yana nguvu ya kukamata madini yaliyoyeyuka. Ukiyachoma ndani ya chombo cha chuma kilichofunikwa, hewa ikiwa kidogo, yanatoa makala yenye vitundu vidogo sana. Yanasagwa, yanaoshwa, yanapangwa na mchanga ndani ya ndobo, na mayi yanapita polepole. Ni kazi ambayo vijana wa mtaa wanaweza kufanya.

Lakini tusidanganyane. Mayi yakiwa na asidi, makala yanakamata kidogo. Yakishajaa, yanaacha madini yapite, na macho hayaoni kitu. Laboratwari tu njo itasema ni siku gani ya kuyabadilisha. Makala yaliyojaa ni sumu: usitupe kwa bustani, usipikie. Na vijidudu vinaweza kupita, kwa hiyo kuchemsha kunabaki palepale.

Njo maana tunakataa ndobo igeuzwe kisingizio. Katiba, kifungu cha 48, inatupa haki ya mayi ya kunywa. Sheria ya migodi ya 2018 inalazimisha kampuni kutoa angalau 0,3% ya mauzo kwa maendeleo ya wakaaji. Kesho mtu atakuja kutuambia ile pesa inunue vichujio. Hapana! Ile pesa ni ya masomo, barabara na hospitali. Anayechafua mto asafishe kwa mfuko wake mwenyewe.

Tunadai mambo matatu. Mayi ya kila kisima karibu na mgodi yapimwe, matokeo yabandikwe kwa Kiswahili fasi watu wanapita. Vichujio vya makala vijaribiwe na wataalamu wetu, gharama ikiwa ya mchafuzi, na foraji safi ichimbwe. Tatu, uchafu uzuiwe kwenye kiwanda, mbele haujafika mtoni.

Sisi watumikaji tunatoa ile kobalti chini ya udongo kwa mshahara. Hatukuuza mafigo ya watoto wetu pamoja nayo. Ganda la kalanga litusaidie kungojea, lisitufunge midomo.