Daftari la Hesabu Lisitupwe

Juzi sokoni Kolwezi nilinunua karanga, nikafungiwa katika karatasi ya daftari la mtoto. Ilikuwa hesabu ya kugawanya, imeandikwa kwa mkono safi, na alama ya mwalimu pembeni. Nikahuzunika, nikawakumbuka wataalamu wawili, mume na mke.

Ken Clements na Nerida Ellerton walitoka Australia, wakafundisha katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Illinois, Marekani. Pamoja walichunguza jinsi watoto wa zamani walivyofundishwa hesabu. Vitabu vilivyopigwa chapa havikuwatosha. Walikusanya madaftari yaliyoandikwa na wanafunzi wenyewe. Mwaka 2013 walithibitisha kwamba karatasi moja iliyohifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Harvard ilitoka katika daftari la ujana wa Abraham Lincoln, aliyekuja kuwa Rais.

Na ni nani aliyelitunza daftari hilo kwanza? Si msomi, bali mama wa kambo wa Lincoln, nyumbani kwake. Mwaka 1865 alimkabidhi karatasi zake William Herndon, aliyekuwa mwenzi wa Lincoln katika kazi ya sheria.

Hapa Lualaba, tani za shaba zimeandikwa katika vitabu vya makampuni. Lakini jinsi watoto wa wachimbaji walivyojifunza kuhesabu, ni nani ameiandika ila wao wenyewe? Basi, kabla ya kuuza karatasi kuukuu, tengeni daftari moja la kila mtoto. Andikeni jina, shule na mwaka, mliweke sandukuni.