Msiwanyime Watu Majilio

Novemba inapoelekea ukingoni, wakuu wa korali katika parokia za Kolwezi, mji wetu wa migodi kusini mwa Kongo, hukaa kupanga jioni ya masomo na nyimbo za Majilio. Mmoja anamtaja Isaya. Mwingine anataka wimbo wa kuomba huruma. Papo hapo sauti inatoka upande wa pili wa meza: "Watu wamechoka na vilio, wapeni furaha." Wengi wanaafiki, na karatasi inaanza kufutwa. Manabii wanabaki wawili, kila mmoja mistari minne. Nafasi iliyobaki inajazwa nyimbo za Noeli, za Kifaransa mbele, za Kiswahili nyuma, hadi "Minuit, chrétiens", wimbo wa usiku wa manane, unaimbwa Jumapili ya kwanza ya Majilio saa kumi na moja jioni, jua likiwa bado kali.

Hoja hiyo imekuwa sheria. Ukiipinga unaambiwa huna huruma. Mimi naipinga kwa ajili ya huruma, kwa sababu naona inawanyima watu wa Kolwezi majuma manne ambayo, kuliko majuma mengine yote ya mwaka wa Kanisa, yamewekwa kwa ajili yao.

Kwamba watu wamechoka ni kweli tupu. Tarehe 27 Juni 2019 udongo uliporomoka katika machimbo ya kampuni ya KCC, hapa hapa mjini, ukaua wachimbaji wa mikono zaidi ya 40. Katika mtaa wa Kasulo watu wamechimba mashimo chini ya nyumba zao wenyewe kutafuta kobalti. Katika mtaa wa Cité Gécamines familia zimehamishwa kila shimo kubwa lilipozidi kutanuka. Na Majilio yenyewe huangukia wakati wa mvua, udongo umelowa, mashimo hayaaminiki, na kila mwenye ndugu chini ya ardhi huangalia saa. Je, mtu wa namna hiyo anapoingia kanisani, dawa yake ni kinanda na makofi tangu dakika ya kwanza?

Tunajua wenyewe jinsi ya kuingia kwenye kilio. Hakuna anayefika uani kwa wafiwa akaanza kucheza. Unakaa chini nao. Unaimba wanachoimba. Unamsikiliza shangazi akilitaja jina la marehemu, mara ya kumi, na humkatizi. Kicheko kina siku yake, na siku hiyo hupangwa na wafiwa. Sijui ni kwa nini adabu hii, ambayo mtoto wa miaka saba anaifahamu, tunaiacha mlangoni tunapoingia kupanga ibada.

Kanisa lenyewe lilishaliona jambo hili. Jumapili za Majilio Wakatoliki hawaimbi Gloria. Inatunzwa hadi usiku wa Noeli, ili itakapolia masikio yawe na njaa nayo. Mwongozo Mkuu wa Misale ya Roma, namba 313, unaagiza kinanda na ala nyingine zitumike kwa kiasi wakati wa Majilio, ili furaha kamili ya kuzaliwa kwa Bwana isitangulizwe. Mkuu wa korali anayewasha kinanda kwa sauti ya juu kabisa tarehe mosi Desemba hafuati desturi ya Kanisa, hata akidhani anaifuata.

Wengine husema: hii ni ibada iliyotoka Ulaya, na huko wanaimba nyimbo za shangwe, basi nasi tuimbe. Waangalie ilikotoka. Ibada ya masomo tisa na nyimbo ilianza Truro, Uingereza, mkesha wa Noeli wa mwaka 1880. Truro iko Cornwall, nchi ya migodi ya bati na shaba. Kanisa kuu lilikuwa bado linajengwa, na Askofu Edward White Benson aliwakusanya watu katika jengo la muda la mbao. Somo la kwanza lilisomwa na mtoto wa kwaya, na wasomaji wakapanda ngazi kwa ngazi hadi somo la mwisho likasomwa na askofu. Mwaka 1918 ibada hiyo ilipelekwa King's College, Cambridge, na Eric Milner-White, aliyekuwa ametoka vitani ambako alihudumu kama padri wa jeshi. Kabla ya masomo kuanza aliweka sala ndefu ya kuwakumbuka maskini, wenye njaa, wanaoonewa, wagonjwa, wenye huzuni na waliokwisha kufa. Vijana wengi wa chuo hicho walikuwa wamezikwa Ufaransa. Tunaiga kanzu na mishumaa ya Cambridge, tunaiga hata nyimbo za theluji huku mahindi yetu yanachipua na mchana wa Desemba ndio mrefu kuliko wote. Sala ile ya waliofiwa ndiyo tunayoiacha, na ndiyo iliyokuwa yetu.

Basi tuanze na masomo. Korali nyingi huchagua nyimbo kwanza, halafu masomo yanatafutwa kama vizibo vya kuipa sauti ya kwanza nafasi ya kunywa maji. Nimeona karatasi ya Isaya ikikabidhiwa msomaji wakati maandamano yamekwisha kuanza. Anasimama, Kifaransa kinamkwama kwenye majina ya watu na miji, mpiga kinanda nyuma yake anajaribu mdundo wa wimbo unaofuata, na kanisa zima linaongea. Kisha tunasema masomo yanachosha watu. Nani angeweza kusikiliza?

Na Biblia ina maneno ambayo hapa Kolwezi yanaeleweka kuliko mahali pengi duniani. Ayubu sura ya 28 ni sura ya mgodi. Inaeleza jinsi shaba inavyoyeyushwa kutoka kwenye jiwe, jinsi mtu anavyokomesha giza chini ya ardhi, anavyoning'inia mbali na watu mahali ambapo mguu wa mpita njia haukumbukwi, anavyopindua milima tangu mizizi yake. Mchimbaji wa Kapata au Musonoi hahitaji kufafanuliwa hata mstari mmoja. Halafu sura inageuka na kuuliza: hekima nayo inachimbwa wapi? Tarehe 17 Desemba, antifona ya kwanza kati ya zile saba kuu za siku za mwisho za Majilio inamwita anayekuja kwa jina hilo hilo, Hekima. Sura hiyo haimo katika masomo ya Jumapili za Majilio, lakini jioni ya masomo na nyimbo si Misa. Tuna uhuru wa kuchagua, na hatuutumii.

Isaya sura ya 40 inasema milima itashushwa na mabonde yatainuliwa. Mtu aliyesimama ukingoni mwa shimo kubwa la mgodi wa KOV ameshaona kilima kikigeuka bonde, na ameona pia mali iliyotoka humo imeenda wapi. Nchi yetu inatoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti yote inayochimbwa duniani. Kwa hiyo nabii anaposema ardhi itasawazishwa ili Mungu apite, msikilizaji wa Kolwezi ana haki ya kuuliza ni usawazishaji wa nani na kwa faida ya nani. Swali hilo ni Majilio yenyewe. Amosi sura ya 8 anawakemea wanaopunguza kipimo na kudanganya kwa mizani. Isomwe hiyo mbele ya watu waliotoka kuuza magunia yao kwenye soko la madini la Musompo, ambao kwa miaka mingi wamelalamikia mizani ya wanunuzi, uone kama kuna atakayesinzia.

Wanaodai furaha, mimi nawapeleka kwenye Jumapili ya tatu ya Majilio, ambayo Kanisa limeiita Jumapili ya Furaha. Katika Mwaka C Injili yake ni Luka sura ya 3. Watu wanamuuliza Yohane Mbatizaji wafanye nini. Mwenye nguo mbili anaambiwa ampe asiye nayo. Mtoza ushuru anaambiwa asizidishe kiwango. Askari anaambiwa asimnyang'anye mtu, atosheke na mshahara wake. Kila aliyewahi kupita kizuizi barabarani akiwa na gunia kwenye pikipiki anajua maneno hayo yanamhusu nani. Hiyo ndiyo furaha ambayo Kanisa linaiamini: inakuja pamoja na haki. Na wimbo wa Maria, unaowashusha wakuu kutoka vitini na kuwaondoa matajiri mikono mitupu, uimbwe na mama, kwa Kiswahili, taratibu, bila makofi. Somo jingine lisomwe kwa Kisanga au Kilunda au Kichokwe, na msomaji wa kwanza awe mtoto, kama kule Truro.

Upande wa muziki, wapo wanaoamini kuwa wimbo wa maombolezo huua ibada. Kaskazini mwetu, Kamina, tarehe 23 Machi 1958, katika misioni ya Saint-Bavon, Padri Guido Haazen na kundi lake Les Troubadours du Roi Baudouin waliimba Missa Luba kwa mara ya kwanza. Ilikuwa ndani ya Kwaresima. Kyrie yake imejengwa juu ya kasala, kilio cha Waluba wa upande wa Ngandajika, na sehemu kubwa ya misa hiyo ilizaliwa katika vinywa vya waimbaji wenyewe, bila noti. Ilirekodiwa ikazunguka dunia. Joseph Kiwele naye, mtunzi wa Katanga aliyefariki mwaka 1961, aliandika misa kwa sauti za huku. Tarehe 1 Desemba 2019, Papa Fransisko alipoongoza Misa ya Kiroma kwa taratibu za Zaire ndani ya Basilika la Mtakatifu Petro, ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio. Roma ilisikia sauti ya Kongo siku ile. Sisi hapa siku kama hiyo tunafanya mazoezi ya nyimbo za Paris.

Sisemi jioni nzima iwe ya machozi. Majilio yana tumaini, na tumaini lina mdundo wake: ngoma moja inayopigwa kwa kujizuia, sauti za kina baba chini, kiitikio kifupi ambacho bibi asiyejua kusoma anakishika mara ya pili. Kinanda kizimwe kabisa wakati wa masomo. Mvua ikipiga mabati, msomaji anyamaze na asubiri; kanisa lote lisubiri naye, maana kusubiri ndiko kumetuleta. Umeme ukikatika, kama unavyokatika wakati nyaya za mabwawa ya Nzilo na Nseke zinapeleka nguvu migodini, mishumaa iwashwe na tuendelee bila spika.

Wakuu wa korali, mmebakiwa na muda. Mwaka huu msianze na orodha ya nyimbo. Mpeni msomaji karatasi yake majuma mawili kabla, mkae naye, asome Ayubu 28 kwa sauti mbele yenu nyote hadi mwisho. Nyimbo za Noeli zifungieni kabatini hadi usiku wa tarehe 24. Na majina ya waliofia mashimoni mwaka huu katika parokia yenu yatajwe kabla ya wimbo wa kwanza, hata kama ni mengi.