Nesi Naye Ana Nyumba, Masaa Yake Yalipwe

Leo piko na udi tuviweke pembeni kidogo. Nina ugomvi na neno moja tu: wito.

Nesi akiuliza malipo ya masaa yake ya ziada, jibu liko tayari: "Uuguzi ni wito." Neno zuri, lakini limegeuzwa kufuli la mdomo. Mimi ni fundi cherehani hapa Mpanda. Kushona nakupenda toka moyoni, lakini mteja akiniletea gauni leo jioni na harusi ni kesho, analipa bei ya kukesha. Hajatokea wa kuniambia nishone bure kwa kuwa nina kipaji. Sasa kwa nini anayeshona satini alipwe usiku wake, na anayemshona mzazi aliyechanika saa nane za usiku aambiwe Mungu atamlipa? Mungu atamlipa, ndiyo. Na mwajiri naye amlipe.

Nashona sare za manesi, kwa hiyo nawaona wakitoka kazini. Bibi harusi wangu mmoja alisinzia amesimama nikimpima kiuno, pini zikiwa bado mdomoni mwangu. Aliingia zamu saa moja na nusu usiku, akatoka saa nne asubuhi kwa sababu wa kumpokea hakutokea, na wodi ya wazazi haiachwi peke yake. Pesa ya masaa hayo aliambiwa asubiri "fungu likija". Gauni lilikwisha, harusi ikapita, fungu halikuja.

Watu husema manesi wanadai kupita kiasi. Haya, tusome sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, huku Bara, inasema kazi ya kawaida ni masaa 45 kwa wiki, yasizidi 9 kwa siku. Ukijumlisha ya ziada, siku isivuke masaa 12. Masaa ya ziada yawe kwa makubaliano, yasizidi 50 ndani ya wiki nne, na kila moja lilipwe mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Kuanzia saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi kuna nyongeza ya asilimia 5. Mjamzito asilazimishwe kufanya kazi usiku miezi miwili kabla ya kujifungua.

Tupige hesabu. Usiku sita wa masaa 12 ni masaa 72. Toa 45, yanabaki 27. Tuseme saa lake la kawaida ni shilingi 3,000. La ziada linakuwa 4,500. Kwa wiki moja hiyo ni 121,500, na nyongeza ya usiku bado sijaigusa. Wiki mbili za namna hiyo ni masaa 54 ya ziada, na sheria imeshavukwa. Kwa mwaka mzima, dada yangu, hicho ni kiwanja.

Na hapo nazungumzia mjini, penye ratiba ya zamu ukutani. Katavi ni mkoa uliomegwa Rukwa mwaka 2012, na watu wake wengi wako mbali na Mpanda: Mishamo, Katumba, Karema kule ziwani. Kwenye zahanati ya kijijini zamu hakuna, nesi mwenyewe ndiye zamu. Anachoma sindano asubuhi, anapima wajawazito, jioni anajaza vitabu vya MTUHA, usiku anagongewa dirisha kuna mtu ana uchungu. Masaa hayo hayaandikwi popote. Na wazazi wenyewe wengi ni watoto: utafiti wa afya wa taifa wa 2015-16 ulikuta Katavi asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wameshazaa au ni wajawazito. Msichana wa miaka 16 akijifungua, unataka amkute mkunga aliyelala au aliyekesha siku tatu?

Watasema ni dharura. Dharura ipo, na hakuna nesi ninayemjua atakayemwacha mzazi mezani kwa sababu saa imefika. Lakini dharura ya kila wiki ni upungufu wa watu. Watasema tena watu hawapo. Wapo! Binti anayeniuzia vitenge dukani ana cheti cha uuguzi, na barua za maombi ya ajira amejaza faili.

Kila tarehe 12 Mei tunawasha mishumaa na kusifu. Sisi Waislamu tunamtaja Rufaida aliyewauguza majeruhi hemani pale msikiti wa Madina, na ni haki atajwe. Ila Mtume huyohuyo (s.a.w.) alituamrisha ujira utolewe kabla jasho halijakauka. Tusishike la kwanza tukaliacha la pili.

Na sisi wanawake tumo. Mama mkwe anayenong'ona "mke gani analala nje" hamuulizi mwajiri kwa nini mkwewe amebakizwa zamu mbili. Bwana harusi anauliza mshahara, haulizi masaa. Ulizaneni kabla ya akdi: usiku mangapi kwa mwezi, nani atapika, nani atabaki na mtoto, na pesa ya usiku inaingia au haingii. Usiku usiolipwa unatoka ndani ya nyumba yenu.

Wewe nesi, nunua daftari. Andika tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, na nani alikuambia ubaki. Ratiba ya zamu ipige picha kabla haijabanduliwa. Aliye serikalini apeleke dai kwa maandishi kwa mganga mfawidhi, nakala kwa TUGHE, abaki na yake yenye muhuri. Huko Zanzibar mna Sheria ya Ajira ya 2005, isomeni. Aliye hospitali binafsi huku Bara, mlango wake ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na dai kama hili lina siku 60 tu tangu mgogoro ulipoanza. Usingoje fungate liishe.