Adui Naye Afuate Sheria

Wasomaji wapenzi, mtaniwia radhi leo nikiweka kando mashairi nikazungumzia michezo ya vijana. Nakusudia ile ya kwenye televisheni, ambamo mchezaji huvaa uhusika wa shujaa, akasafiri na wenzake, akapigana, hata akafikiana na adui mkuu.

Juzi nilikaa na mpwa wangu akicheza Final Fantasy VII, mchezo wa Kijapani uliotoka mwaka 1997. Humo mna dawa iitwayo Phoenix Down. Mwenzako akianguka vitani, wampa, naye husimama tena. Madukani yauzwa. Basi adui, jina lake Sephiroth, akashuka na upanga wake akamchoma binti Aerith hali amepiga magoti aomba. Kijana akanigeukia: "Mjomba, mbona hawampi ile dawa? Mimi ninazo tele!"

Sikuwa na jibu. Bibi yake tulimzika Shaaban iliyopita, na mtoto ajua vyema kwamba mauti hayana dawa. Aliyesahau ni mtungaji. Safari nzima amekifanya kifo kuwa jambo la kutatuliwa dukani, kisha kwa mara moja tu ataka tulie.

Watetezi watasema wale wa vitani walizimia tu. Haya, lakini hilo hadithi yenyewe ingelisema, isituachie sisi kuitafutia udhuru.

Wala sisemi kosa ni kurudia mambo. Shujaa asiyejijua yeye ni nani yumo humo, yumo katika Planescape: Torment ya 1999, na yumo katika Knights of the Old Republic ya 2003. Hapana aibu. Sisi washairi nasi twarudia mizani nane kwa nane tangu enzi za mababu, na shairi jema bado hutuliza.

Kosa ni kumpa adui nguvu kwa kuivunja kanuni ambayo mchezaji amefunzwa kuitegemea. Itazameni michezo ya Fire Emblem, iliyoanza mwaka 1990. Kwa desturi yake ya asili, mwenzako akianguka vitani, ndio basi. Hapo hata askari mnyonge mwenye mkuki humwogopesha mchezaji, na hana haja ya kupiga domo ili aaminiwe.

Hayo ni maoni yangu. Nanyi vijana, ambao ndio wachezaji, mwaonaje?