Daftari la Wiki: Kihisi cha Mwendo na Lawama za Gia Boksi

Gia boksi ya otomatiki hubebeshwa lawama nyingi zisizo zake, na kifaa kinachoiponza mara kwa mara ni kihisi cha mwendo, ambacho mafundi hukiita sensa ya spidi. Kifaa hicho hufungwa kwenye ganda la gia boksi ili kipime mzunguko wa shafti na kuipasha habari kompyuta ya gari. Kikinyamaza, kompyuta hushindwa kujua gari linakwenda kasi gani, hivyo gia huingia kwa kishindo au kwa kuchelewa, na katika magari mengi kompyuta huamua kubaki na gia moja ili kuikinga gia boksi isiharibike. Mshale wa spidi huweza kulala au kurukaruka, taa ya injini huwaka, na katika Toyota nyingi za miaka ya 1990 taa ya O/D OFF huanza kupepesa. Mwenye gari akishaona hayo yote kwa pamoja, huwa tayari kuamini yeyote atakayemwambia kuwa gia boksi imekufa.

*

Mfumo wa uchunguzi uitwao OBD-II, ambao Marekani iliulazimisha kwa magari mapya kuanzia modeli za mwaka 1996, huandika hitilafu kwa kodi, yaani herufi moja ikifuatwa na tarakimu nne. Katika P0720, herufi P huonyesha kundi la injini na gia boksi, 0 huonyesha kodi inayotumiwa na watengenezaji wote kwa maana moja, na 7 hulenga gia boksi yenyewe. Kodi nzima inahusu kihisi cha shafti inayotoka, ilhali P0715 inahusu kile cha shafti inayoingia. Lakini kinachotajwa na kodi ni njia nzima ya umeme: kihisi, waya, soketi na hata mlango wa kompyuta. Fundi anayesoma P0720 na kuagiza kihisi kipya papo hapo hajapima kitu chochote, bali amekisia kwa fedha za mteja.

*

Kupima kwenyewe hutegemea aina ya kihisi. Chenye waya mbili kwa kawaida kina sumaku na koili, nacho huzalisha umeme wake chenyewe kila jino la gurudumu la chuma linapopita mbele yake, kwa kanuni ambayo Michael Faraday aliionyesha mwaka 1831. Hiki hupimwa ukinzani wake, yaani jinsi koili inavyozuia umeme kupita, na jibu hulinganishwa na kitabu cha gari husika. Kisha shafti huzungushwa ili kuona kama volti za mkondo geu zinapanda kadiri mzunguko unavyoongezeka. Chenye waya tatu mara nyingi hutumia kanuni iliyogunduliwa na Edwin Hall mwaka 1879, nacho huhitaji kulishwa umeme, kwa hiyo kukipima ukinzani hakuna maana. Kinachotafutwa ni umeme unaoingia, waya wa ethi ulio mzima, na ishara inayopanda na kushuka shafti inapozunguka.

Kabla ya vipimo hivyo soketi huchunguzwa kwa macho, kwani oili iliyopenya, pini zenye kutu au waya uliosuguliwa na chuma huleta kodi ile ile. Kihisi chenye sumaku kikifunguliwa, ncha yake nayo itazamwe: ikiwa imevaa ndevu nene za unga wa chuma, ishara huvurugika, na unga huo huenda ukawa habari mbaya zaidi kuliko kihisi kibovu.

*

Mashine inayoonyesha takwimu gari likiwa barabarani husaidia kutenganisha makosa mawili yanayofanana. Katika gia yenye uwiano wa 1.5, shafti inayoingia ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, inayotoka inapaswa kuzunguka mara 2,000. Tofauti ikizidi wakati gari linavuta mzigo, kuna uwezekano mkubwa kuwa klachi za ndani zinateleza. Lakini usomaji ukianguka kutoka kilomita 60 kwa saa hadi 0 na kurudi 60 ndani ya nusu sekunde, hakuna gari linaloweza kufanya hivyo, na wa kushukiwa ni kihisi au waya zake.

*

Kihisi kibovu huweza kuathiri hata vifaa vilivyo nje ya gia boksi. Kanuni za Kenya za mwaka 2003, zilizohusishwa na waziri John Michuki, ziliyataka matatu, yaani magari madogo ya abiria, yafungwe vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Kidhibiti kinachochukua ishara yake kwenye kihisi cha gari hupofuka pamoja nacho, iwe kihisi kimekufa au waya umekatwa makusudi.

*

Mwenye gari anayeelezwa kuwa gia boksi yake ni ya kubadilishwa, kabla hajalipa, na aombe kuonyeshwa kodi iliyosomwa, kipimo cha kihisi na hali ya soketi yake.