Nani Alimrushia Chupa?

Mpenzi msomaji, mwezi huu uniwie radhi. Sitasema juu ya mapishi wala juu ya watoto kukataa kula. Nataka tuongee habari za picha ya Kichina, zile za ngumi na mateke ambazo wengi wetu tuliziona tumebanana kwenye mabenchi ya banda la video, huku mtafsiri akitueleza kwa Kiswahili nani kasema nini na kuongeza ya kwake kila alipoona inafaa.

Sisi tulikulia Kariakoo. Wenye uwezo walikwenda mjini, Empire, Avalon au Odeon. Sisi watoto wa karani wa reli tulikwenda bandani, tena kwa siri, maana baba hakutaka kusikia habari za video. Kiingilio tulipewa na mama. Alikuwa akikifungua kwenye pindo la khanga na kusema, "Haya nendeni, baba yenu akiuliza nimewatuma sokoni."

Picha tuliyoipenda kuliko zote ilikuwa Drunken Master II, ya mwaka 1994. Pale bandani hakuna aliyeijua kwa jina hilo. Iliitwa tu "ile Jackie Chan mlevi". Ile ya kwanza ilitoka mwaka 1978. Katika zote mbili Jackie Chan ni kijana Wong Fei-hung, na huyo alikuwa mtu wa kweli, mganga na mpiganaji wa kusini mwa China aliyefariki miaka ya 1920. Kijana anapigana akiyumba kama mlevi. Adui anadhani anaanguka, kumbe ndiyo kwanza anakuja na teke.

Mdogo wangu wa kiume wakati huo alikuwa na miaka kumi na mmoja. Tukitoka bandani alikuwa akichukua kikombe cha bati, anayumba uani, anapepesuka, anaporomoka na kuinuka tena. Mama alikuwa akicheka mpaka anajifuta machozi. Wapangaji nao walitoka vyumbani kumtazama.

Alipofika miaka kumi na tisa, hakuwa akiigiza tena.

Sitaeleza yote, maana anasoma ukurasa huu. Niseme tu kwamba asubuhi asizoweza kuamka kwenda kazini, mama alimwambia baba kwamba mtoto ana malaria. Malaria ile ilimpata kila Jumatatu. Mama alipofariki kazi hiyo niliirithi mimi. Nililipa madeni ya glosari, nikamdanganya mume wangu kwamba fedha zimekwenda kwenye sare za watoto. Niliona ni upendo. Ni damu yangu, nitamwachaje aaibike?

Leo ni mwaka wa nne hajaonja. Anafanya kazi ya kupaa samaki soko la Feri, pale Magogoni, na Jumamosi hupanda pantoni kuja kwetu Kigamboni. Majuzi alikuja na flashi mfukoni. Alikuwa amepita duka moja la Kariakoo wanakoweka picha za zamani, akakumbuka. Wanangu wakashangilia. Mimi moyo ulidunda. Nilimvuta jikoni nikamwuliza, "Una hakika?" Akanijibu, "Dada, ni picha tu. Washa."

Basi tukaketi. Mambo mengine yalinichekesha upya. Jackie Chan alikuwa anakaribia miaka arobaini, lakini anaitwa mtoto. Mama yake wa kambo anachezwa na Anita Mui, ambaye alizaliwa miaka tisa baada yake! Na Ti Lung, aliye baba wa nyumba, amemzidi "mwanawe" miaka minane tu. Utotoni hatukuliona hilo hata kidogo.

Nilichokuwa nimekisahau ni huyo mama. Ni mcheshi kuliko wote. Anacheza kamari na mashoga zake, na mume akitokea anaficha kila kitu na kuweka uso wa upole. Baba amekataza kabisa mapigo ya kilevi, kwa sababu anajua mwanawe hana kipimo. Kisha inakuja ile vurugu ya sokoni. Kijana amezingirwa, naye mama anadaka chupa za pombe na kumrushia mwanawe, moja baada ya nyingine, anywe, apigane vizuri zaidi, huku akimshangilia. Banda lote lilikuwa likisimama hapo. Wanangu nao walisimama juu ya kochi.

Baba anatokea. Kijana amelewa kiasi cha kutomtambua baba yake mwenyewe. Anafukuzwa nyumbani, anakwenda kulewa kwa huzuni, na maadui wanamkuta hajiwezi. Asubuhi watu wanamkuta ametundikwa hadharani, bila nguo.

Chupa zile zilipokuwa zikiruka mdogo wangu hakugeuka kunitazama. Alisema taratibu tu, "Dada, huyo ni mama." Akanyamaza kidogo. "Na baadaye ni wewe."

Akina mama wenzangu, sikuwa na jibu. Nilitaka kusema kwamba mimi sikumnunulia hata chupa moja. Ni kweli, sikununua. Nililipa tu zilizokwisha kunywewa.

Niingize neno moja hapa kabla sijasahau. Huyo Anita Mui, aliyekuwa pia mwimbaji mashuhuri sana Hong Kong, alifariki tarehe 30 Desemba 2003 kwa saratani ya shingo ya kizazi, akiwa na miaka 40. Dada yake alitangulia kwa ugonjwa huo huo. Ukishuka pantoni Magogoni, Taasisi ya Saratani ya Ocean Road haiko mbali. Mabinti zetu wanapata chanjo tangu mwaka 2018. Sisi mama zao tukapime.

Turudi kwenye picha. Pambano la mwisho liko kiwandani, penye makaa ya moto. Kijana amezidiwa, hakuna divai wala gongo, basi anakunywa spiriti ya kiwandani. Anashinda, na nakala tuliyokuwa nayo inaishia kwenye ushindi huo. Lakini picha ilipotoka Hong Kong haikuishia hapo. Kilikuwapo kipande kifupi cha mwisho kinachomwonyesha Wong Fei-hung amepofuka na akili zimemruka kwa sababu ya ile spiriti. Wamarekani walipoitoa kwao mwaka 2000 walikikata.

Mwaka huo huo wa 2000, mwezi Novemba, watu zaidi ya mia moja walikufa Nairobi kwa pombe ya kienyeji iliyotiwa methanoli, na wengine waliopona walipofuka. Methanoli ikiingia mwilini hugeuka asidi ambayo hushambulia mshipa wa fahamu wa macho. Mtu anaamka asubuhi anauliza kwa nini hakujakucha.

Mwanangu wa mwisho aliuliza, "Mjomba, halafu ikawaje?"

"Akapofuka," mdogo wangu alijibu.

"Mwongo! Stelingi hapofuki."

"Huyu alipofuka. Kipande chenyewe kilikatwa."

Walibishana naye mpaka chai ikapoa. Mkubwa akataka kuonyesha jinsi ya kuyumba, akachukua kikombe mezani, akaanza kupepesuka kama mjomba wake alivyokuwa akifanya uani kwetu. Nilihisi kicheko kinanipanda, kile kile cha mama. Mdogo wangu alinitazama tu.

Nikanyosha mkono, nikamwomba mwanangu kikombe.