Kicheko Kipandacho na Kicheko Kishukacho

Wako wasomi wasemao kwamba mchekeshaji wa televisheni hastahili nafasi katika kurasa za fasihi, kwa kuwa kazi yake ni povu: humeta, hupasuka, husahauliwa. Wako na wafanyabiashara wasemao kwamba mchekeshaji bora ni yule akusanyaye watazamaji wengi. Makundi haya hayapendani, lakini kosa lao ni moja. Yote mawili hupima kicheko bila ya kuuliza ni nani anayechekwa. Nataka kuyajibu kwa maisha ya mtu mmoja wa India, marehemu Jaspal Bhatti.

Bhatti alizaliwa Amritsar, Punjab, mwaka 1955. Alisomea uhandisi wa umeme mjini Chandigarh, kisha akachora vibonzo katika gazeti la The Tribune. Mwaka 1989 Doordarshan, televisheni ya serikali, ilionyesha Flop Show, mchezo alioutunga, akauongoza na kuuigiza mwenyewe, pamoja na mkewe Savita. Vipindi vyake vilikuwa 10 tu.

Tazama, msomaji, waliochekwa humo: mkandarasi ajengaye majumba dhaifu, mkubwa wa ofisi apendaye kusujudiwa, watumishi watungao madai ya uongo ya gharama za matibabu, na profesa aliyemgeuza mwanafunzi wake wa udaktari kuwa mtumishi wa nyumbani. Kipindi hicho cha profesa chafaa kutazamwa na kila mwenye shahada hiyo kabla hajampa mwanafunzi wake kikapu cha sokoni. Kila kipindi kilitolewa kuwa heshima, ya kejeli, kwa watu wale wale waliochekwa ndani yake. Na penye majina ya watengenezaji, mahali pa kuandika kwamba mchezo umeongozwa na Bhatti, paliandikwa kwamba umepotoshwa naye. Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu mchungu. Bhatti aliujaribu mkuki wake kwanza katika mwili wake mwenyewe.

Hayo yalionyeshwa na chombo cha serikali, wakati India haikuwa na televisheni nyingine. Stesheni za watu binafsi zilipokuja katika miaka ya tisini, zilitazamiwa kuleta uhuru mkubwa zaidi. Zilileta nini katika kicheko? Zilileta mashindano. Mwaka 2005 STAR One ilianzisha The Great Indian Laughter Challenge: mchekeshaji husimama jukwaani, waamuzi huketi vitini, hucheka mbele ya kamera na kutoa hukumu. Sikatai kwamba mlango ulifunguliwa kwa vijana wasiokuwa na jina. Kapil Sharma, naye mzaliwa wa Amritsar, alishinda mwaka 2007, na kipawa chake hakina shaka. Lakini kipindi chake kilichoanza mwaka 2013 kilimcheka nani? Mke wa mchezoni alidhihakiwa midomo yake. Wanaume walivaa nguo za kike ili wachekwe. Na wageni wa heshima walikuwa nyota wa sinema waliokuja kutangaza filamu zao. Mkandarasi na mkubwa wa ofisi walilala usingizi mwema usiku huo. Kicheko kilichokuwa kikipanda ngazi kilikuwa kimeanza kushuka.

Watetezi wa mashindano watanijibu kwamba Bhatti mwenyewe alikaa katika kiti cha mwamuzi, na kwamba mwaka 2008 alicheza dansi na mkewe katika mashindano ya Nach Baliye. Ni kweli. Mtu huishi kwa kazi, na kazi zilizokuwako ndizo hizo. Lakini hakuna hata moja kati ya hizo iliyompa jina lake. Jina alikwenda nalo.

Wala lawama siitupi kwa waigizaji peke yao. Mwaka 2016 Kiku Sharda, mmoja wa wenzi wa Kapil, alikamatwa na polisi wa Haryana kwa kumwigiza Gurmeet Ram Rahim Singh, kiongozi wa dini mwenye wafuasi wengi, kisha akaachiwa kwa dhamana. Mwaka uliofuata mahakama ilimtia hatiani kiongozi huyo kwa ubakaji. Hiyo ndiyo bei ya kicheko kipandacho. Soko halipendi bei hiyo. Humwona mke wa mchezoni kuwa rahisi zaidi, kwa sababu hana polisi.

Bhatti alifariki kwa ajali ya gari katika wilaya ya Jalandhar tarehe 25 Oktoba 2012, akiwa safarini kuitangaza filamu yake, Power Cut, iliyohusu kukatika kwa umeme. Mhandisi wa umeme alikufa akiwadai wakubwa mwanga. Mwaka 2013 serikali ilimpa marehemu nishani ya Padma Bhushan. Nishani ni njema, lakini hulala sandukuni. Vipindi 10 vya Flop Show vistahili kusomwa madarasani kama isomwavyo tamthilia yoyote yenye akili, na mwanafunzi afundishwe swali moja la kuuliza kila asikiapo ukumbi ukicheka: je, aliye juu anacheka, au anachekwa?